Nani abaki na ufunguo? Historia ya shule za wauguzi, kutoka mkanda wa shaba hadi Nyankunde

Katika jimbo la Lualaba, kila mara habari inapotoka kwamba shule ya wauguzi itapanuliwa au itakarabatiwa, watu huuliza mambo yale yale: vyumba vingapi vitajengwa, nani analipa, kazi itaisha lini. Ni maswali ya haki. Lakini historia ya nchi hii inaongeza lingine: siku yule aliyejenga akiondoka, nani atabaki na ufunguo?

Wakaaji wa Lubudi wanaelewa maana ya swali hilo. Mji wao ulikua kando ya reli na kiwanda cha saruji. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikaendelea kaskazini mpaka Bukama mwaka 1918, na Lubudi iko juu ya njia hiyo. Watu wameona gari la moshi likipita kila siku, kisha likipita mara moja moja. Wameona kazi za kampuni zikianza na zikisimama. Ukuta wa saruji unaweza kudumu miaka mingi kuliko kazi iliyokuwa ikifanyika ndani yake.

Familia zilizohama makwao kwa sababu ya vita, ya kufukuzwa au ya mgodi kuchukua mashamba, nazo zinaelewa jambo hili kwa upande mwingine. Waliacha nyumba nyuma, lakini ujuzi wa mikono yao walikuja nao. Historia ya shule za wauguzi Kongo inabeba pande hizo zote mbili.

Kabla ya shule kuwa na jengo

Zamani muuguzi wa Kikongo hakusomea darasani. Aliingia kazini kama msaidizi, akafagia, akabeba maji, akachemsha sindano, akatazama jinsi kidonda kinavyofungwa. Baada ya miaka akaaminiwa kufunga kidonda mwenyewe, kisha kutoa dawa, kisha kubaki peke yake usiku na wagonjwa. Hospitali yenyewe ilikuwa ndiyo shule.

Katika mkanda wa shaba, aliyehitaji watu wa namna hiyo kwa wingi alikuwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906 na kuanza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911. Miaka ya kwanza wafanyakazi waliletwa kutoka mbali kwa mikataba mifupi, wakalala katika kambi zilizojaa watu, na magonjwa ya mapafu na ya tumbo yakaua wengi. Mfanyakazi aliyekufa au aliyetoroka alikuwa hasara kwa kampuni. Ndiyo maana kati ya mwaka 1926 na 1928 kampuni ilibadili mwendo: ikakubali wanaume waje na wake zao, wakae kwa muda mrefu, na watoto wazaliwe kambini. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuja kuongoza mambo ya wafanyakazi katika kampuni hiyo, alikuwa mmoja wa watu walioisimamia siasa hiyo.

Kambi yenye wanawake na watoto inahitaji maternite. Inahitaji mahali pa kupima watoto uzito, na mtu wa kumfundisha mama namna ya kumlisha mtoto. Hivyo zikajengwa zahanati, nyumba za kujifungulia na hospitali za kampuni katika miji ya mgodi, na Kolwezi, iliyoanza kama kituo cha mgodi mwaka 1937, ikafuata mtindo huo huo. Pamoja na majengo hayo wauguzi wengi zaidi walifundishwa. Watoto wengi waliokoka kwa huduma hiyo. Lakini kazi yote ilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa kampuni. Mkulima wa kijiji kilicho nje ya kambi hakuhesabiwa sawasawa na mfanyakazi wa ndani.

Chuo kikuu kinaingia

Upande mwingine wa nchi, mwaka 1926, Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji kilianzisha shirika la tiba lililojulikana kwa kifupi kama FOMULAC. Makao yake ya kwanza yalikuwa Kisantu, katika Kongo ya Chini, na baadaye likafungua kazi Katana, huko Kivu. Hospitali ikajengwa, na kando yake shule ya wauguzi na ya wasaidizi wa tiba. Mwanafunzi alitoka darasani akavuka ua akaingia kwa wagonjwa, akarudi darasani na maswali aliyoyakuta huko. Shule nzuri za uuguzi bado zinajengwa kwa mpango huo: darasa karibu na kitanda cha mgonjwa.

Cheo cha juu ambacho Mkongo aliweza kukifikia katika tiba kilikuwa kile cha msaidizi wa tiba. Msaidizi wa tiba alisoma miaka mingi, alijua kutambua ugonjwa na kuutibu, na mahali pengi kazi aliyofanya ilikuwa ile ya daktari. Jina la daktari hakupewa, wala mshahara wake.

Katanga inalo jina moja kubwa katika kundi hilo. Jason Sendwe, aliyezaliwa mwaka 1917, alifanya kazi ya msaidizi wa tiba kabla ya kuwa kiongozi wa chama cha Balubakat. Aliuawa mwaka 1964 huko Albertville, ambayo sasa ni Kalemie. Hospitali kubwa ya serikali Lubumbashi inaitwa kwa jina lake. Wagonjwa wengi wanaopita mlangoni pake wanamjua kama mwanasiasa tu, hawajui kwamba mtu huyo mwenyewe aliwahi kushika kazi ya kutibu.

Mwaka 1960: majengo yapo, madaktari hawapo

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja aliyemaliza chuo kikuu. Baada ya siku chache tu, maasi ya askari yalipoanza, Wabelgiji wengi wakakimbia, na madaktari wengi wakiwa kati yao. Hospitali zilibaki mahali pake, na vitanda vyake na vyumba vyake vya upasuaji. Waliobaki ndani walikuwa wauguzi na wasaidizi wa tiba.

Hao ndio walioziendesha. Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu walileta watu wa kusaidia, na wasaidizi wa tiba zaidi ya 60 wakapelekwa Ufaransa kumalizia masomo ili wawe madaktari kamili. Kwa wale waliobaki vijijini, mwaka 1960 ulithibitisha jambo ambalo wagonjwa walilijua zamani. Mpaka leo katika vijiji vya Katanga muuguzi wa kituo cha afya anaitwa munganga, kwa sababu mara nyingi hakuna mganga mwingine wa kumwendea.

Katanga nayo ilikuwa na taabu yake. Mwaka 1961, wakati wa utengano, makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Baluba, walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa kando ya Elisabethville. Watu hao walikuwa wakimbizi ndani ya mji waliokuwa wakiujua. Kambini humo waliugua, walizaa, walizika. Wakati kama huo shule ya wauguzi inapimwa kwa watu iliokwisha kuwatoa, kwa kuwa hakuna nafasi ya kufundisha wengine haraka.

Shule za juu zinaongezeka

Chuo kikuu kilikuwa kimefunguliwa Elisabethville mwaka 1956. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote vya nchi kuwa kimoja, UNAZA, kisha mwaka 1981 ikavitenganisha tena, ndipo Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikasimama kwa jina lake. Katika miaka hiyo ya 1970 zilianza taasisi za juu za ufundi wa tiba, zinazojulikana kama ISTM, kwanza Kinshasa na baadaye katika miji mingine.

Ni vizuri kutofautisha ngazi, maana majina yanachanganya familia zinazotafuta shule kwa mtoto. ITM ni shule ya sekondari ya ufundi wa tiba: mwanafunzi anasoma miaka 4 na kutoka na cheti cha A2. ISTM ni shule ya juu, ya kiwango cha chuo kikuu: kwa mtindo wa zamani mwanafunzi alisoma miaka 3 na kutoka A1, kisha aliyetaka aliendelea mpaka lisansi. A2 ndiye anayekutwa mara nyingi katika kituo cha afya cha kijijini. A1 na mwenye lisansi wanaongoza huduma katika hospitali, wanafundisha, wanasimamia wengine. Shule ya juu ikikosa mahali pa kufundishia, basi hata wale A2 watakosa walimu.

Tangu miaka ya 1990 shule za namna hizi zimeongezeka sana nchini, za serikali, za makanisa na za watu binafsi, mpaka zinahesabiwa kwa mamia. Nyingine zilianza katika nyumba ya kupanga, vyumba viwili vitatu, bila hospitali karibu na bila chumba cha mazoezi. Kwa hiyo mtu anaposema shule fulani inahitaji kupanuliwa, mara nyingi maana yake ni kwamba wanafunzi wamekuwa wengi kuliko vitanda vya wagonjwa wanavyoweza kujifunzia.

Kampuni ikianguka, kuta zinabaki

Union Minière ilinyang'anywa mali yake na serikali mwanzoni mwa mwaka 1967, na kampuni ya taifa iliyokuja kuitwa Gécamines ikachukua mahali pake. Migodi, shule na hospitali vyote vikawa vyake. Kwa miaka mingi familia ya mfanyakazi wa Gécamines, huko Kolwezi, Likasi au Lubumbashi, ilizaliwa, ilisoma, ilitibiwa na kuzikwa na kampuni. Watu waliisema kuwa ni baba na mama.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mnamo Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Mashine zilikuwa zimechakaa, fedha zililiwa bila kurudishwa kazini, siasa ikaharibika. Mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikakosa kulipwa miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa mpango uliosimamiwa na Benki ya Dunia na kuitwa kuondoka kwa hiari, ingawa wengi wao hawakuona hiari yoyote ndani yake.

Kati ya miaka hiyo kulikuja jambo baya zaidi. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, kwa mamia ya maelfu. Walirundikana katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja mabehewa, na wengi walikufa pale stesheni au njiani. Kati yao kulikuwa na wauguzi, walimu wa wauguzi, wakunga na madaktari, watu waliozaliwa katika hospitali zile zile walizokuwa wakifanyia kazi. Mji uliowafukuza ulijipunguzia mikono yake wenyewe.

Hakuna aliyebomoa hospitali za kampuni siku hizo. Kuta zilisimama. Dawa ndizo zilizokosekana, na mishahara, na watu. Mgonjwa aliingia katika jengo kubwa lililojengwa vizuri, akaambiwa akanunue glovu na sindano sokoni. Huo ndio upande wa kwanza wa historia hii: jengo linaweza kubaki zima huku kazi ya ndani imekufa, kama aliyeliendesha alikuwa mmoja tu na mmoja huyo ameanguka.

Kapanga: hospitali mbali na migodi

Lualaba hiyo hiyo ina mfano mwingine, mbali na migodi. Huko Kapanga, katika nchi ya Mwant Yav, Wamethodisti walianza kazi ya tiba mwanzoni mwa karne iliyopita, na daktari Arthur Piper alifika huko mwaka 1914. Hospitali ya Samuteb ilikua hapo, na pamoja na kutibu ikawa ikifundisha wauguzi.

Mwaka 1977, wapiganaji walipoingia Shaba kutoka Angola katika vita vya kwanza vya Shaba, daktari Mmarekani wa hospitali hiyo, Glen Eschtruth, alikamatwa na kuuawa. Mwaka uliofuata vita vilirudi, safari hii mpaka Kolwezi. Lakini kazi ya tiba huko Kapanga haikufa na daktari yule. Walikuwapo wauguzi wa hapo hapo, waliofundishwa hapo hapo, wenye mashamba na ndugu zao karibu na hospitali.

Nyankunde: kuta zikianguka, shule inabaki

Mfano ulio wazi kuliko yote uko mbali na Lualaba, katika Ituri, lakini familia nyingi zilizohama kutoka mashariki wanaujua vizuri.

Mwaka 1964 uasi wa Simba uliharibu hospitali na zahanati nyingi za kaskazini-mashariki. Wauguzi waliuawa, madaktari wa misheni waliuawa au walikimbia. Mwaka 1965 makanisa na misheni kadhaa, yaliyokuwa kila moja na hospitali yake ndogo, yakakubali kufanya pamoja. Wakachagua Nyankunde, katika teritware ya Irumu, kilomita kama 40 kutoka Bunia. Carl Becker, daktari Mmarekani aliyekuwa ametibu watu Oicha tangu miaka ya 1930, alikuwa mmoja wa wakubwa wa mpango huo. Walifikiri hivi: badala ya kila misheni kuhangaika na daktari mmoja na shule dhaifu, kuwe na hospitali moja yenye nguvu na shule moja ya kweli, na wanafunzi wakimaliza warudi kwao vijijini.

Daktari Helen Roseveare kutoka Uingereza alikuja kuisimamisha shule hiyo. Alikuwa amefika Kongo mwaka 1953, akajenga hospitali na kufundisha wauguzi huko Nebobongo, ambako alijifunza kuchoma matofali kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kuyanunulia. Mwaka 1964 alishikwa mateka na waasi na kuteswa. Alirudi Kongo mwaka 1966, akafanya kazi Nyankunde mpaka mwaka 1973. Nyankunde haikuanza na majengo tayari. Masomo na ujenzi vilikwenda pamoja, na shule ikaongeza nyumba kadiri wanafunzi walivyoongezeka.

Miaka 30 baadaye Nyankunde ilikuwa na hospitali ya vitanda vipatavyo 250, duka kubwa la dawa lililogawia zahanati za mbali, uwanja mdogo wa ndege, na shule ya ufundi wa tiba ambayo wauguzi wake walikuwa wametapakaa kote kaskazini-mashariki.

Tarehe 5 Septemba 2002, wakati wa vita vya Ituri, wapiganaji waliingia Nyankunde. Mauaji yaliendelea siku kadhaa. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa, wengine wakiwa juu ya vitanda vya hospitali. Dawa, mashine, magodoro, milango na mabati vilibebwa. Kilichoshindikana kubebwa kiliharibiwa.

Waliookoka walishika njia ya kusini kwa miguu, kuelekea Oicha na Beni. Ni zaidi ya kilomita 100. Kundi hilo lilikuwa na wagonjwa waliobebwa, wanawake wenye watoto wachanga, wauguzi, walimu na wanafunzi. Hawakuwa na vitabu wala mavazi ya kazi. Lakini walipofika walijipanga. Huko Beni watu wa Nyankunde walianza tena kutibu, na masomo ya uuguzi yakaanza tena uhamishoni, katika nyumba zisizokuwa zao.

Shule ilikuwa imepoteza kila ukuta wake, nayo ilikuwa bado shule. Walimu walijua waliyofundisha. Wanafunzi walijua walipofikia. Makanisa yaliyoianzisha yalikuwa bado yanaihesabu kuwa yao, na vijiji vilivyowatuma vijana wao vilikuwa bado vinawangoja. Miaka iliyofuata, amani ilipopatikana kidogo, watu walirudi Nyankunde, hospitali ikafunguliwa tena, na majengo yakaanza kukarabatiwa moja baada ya lingine.

Na huko Beni walikokimbilia hakukubaki kimya. Mwaka 2018 Ebola iliingia Kivu ya Kaskazini na Ituri, na mpaka ilipotangazwa kumalizika mwezi Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200, wahudumu wa afya wakiwemo. Waliosimama mbele ya ugonjwa huo walikuwa wauguzi waliotoka katika shule za eneo hilo.

Hii inarudi vipi Lubudi

Kolwezi ya Gécamines na Nyankunde zinaonyesha vitu viwili vinavyopingana. Upande mmoja majengo yalibaki na kazi ikakauka. Upande wa pili majengo yaliangamizwa na kazi ikaendelea kwa miguu mpaka Beni. Hakuna anayesema kwamba kuta hazina maana. Mwanafunzi wa Nyankunde aliyesomea katika nyumba ya kuazima alizihitaji kuta kuliko mtu yeyote. Tofauti ilikuwa kwa wenyewe: shule moja ilikuwa na watu wengi walioiita yao, huduma nyingine ilikuwa na bwana mmoja.

Swali hili lina uzito mpya katika Lualaba, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 kwa kugawanywa kwa Katanga. Shaba na kobalti vinatoka tena kwa wingi, na sehemu ya migodi mikubwa, Tenke na Fungurume, iko ndani ya teritware ya Lubudi. Kanuni ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inasema kodi ya madini igawanywe hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa miji, sekta na chefferie mahali madini yanapotoka, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni ya mgodi inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Kwa hiyo fedha za kujenga shule ya wauguzi zinaweza kupatikana, na wakaaji wana haki ya kuuliza zinaelekezwa wapi.

Historia inawapa mambo ya kutazama kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

La kwanza ni karatasi ya kiwanja. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya serikali, na anayeijengea anahitaji cheti cha uandikishaji. Katika eneo la migodi, shule isiyo na karatasi inaweza kukutwa siku moja iko ndani ya eneo la kampuni. Familia zilizohamishwa kupisha migodi zinajua uzito wa karatasi hiyo.

La pili ni umbali kati ya darasa na kitanda. Shule iliyojengwa kando ya barabara kwa sababu inapendeza kutazamwa, lakini iko mbali na hospitali, inamlazimisha mwanafunzi kulipa motari kila siku ya staji. Kisantu walilijua hilo tangu miaka ya 1920. Mara nyingi kukarabati hospitali ya zamani na kuongeza madarasa uani kunafaa kuliko kujenga chuo kipya porini.

La tatu ni bweni la wasichana na maji. Wakunga wengi ni wanawake, na msichana kutoka Bunkeya au kutoka kijiji cha mbali hawezi kumaliza masomo kama hana mahali salama pa kulala. Na hakuna somo la usafi wa mikono linaloingia kichwani katika shule ambayo bomba lake halitoi maji.

La nne ni chumba cha mazoezi, chenye sanamu za kujifunzia kuchoma sindano na kuzalisha. Bila chumba hicho, mwili wa kwanza ambao mwanafunzi anajifunzia ni ule wa mgonjwa maskini.

La tano ni nyumba za walimu na fedha za matunzo. Kuta za Katanga zinajengwa kwa matofali ya kuchoma, mengi yakitoka katika udongo wa vichuguu, nazo ni imara. Paa ndilo linaloanza kuharibika. Manjanja yakitoboka mvua ya Januari inaingia, dari inaoza, mchwa wanafuata, na baada ya miaka 10 watu wanaomba tena jengo jipya. Mpango wa ujenzi usiosema nani atanunua bati la kuziba tundu bado haujakamilika.

La mwisho ni kamati. Si kamati ya picha siku ya ufunguzi, bali watu wanaojulikana: chefferie, makanisa, wazazi, wauguzi wa eneo, na pia wajumbe wa familia zilizohama, ambao kati yao wako wauguzi wenye vyeti waliokaa nyumbani kwa kuwa hakuna aliyewauliza wanajua nini. Katanga iliwafukuza wauguzi wake mara moja, mwaka 1992 na 1993, na wagonjwa ndio waliolipa. Beni ilifanya kinyume mwaka 2002: iliwapokea wauguzi waliofika bila kitu, na miaka 16 baadaye, Ebola ilipokuja, ilikuwa na watu wa kusimama.

Saruji ipo, na watu wa kuipakaza wapo. Mpango unapoletwa mbele ya wakaaji, msikilizaji ayachukue mambo hayo sita mkutanoni na aulize kila moja kwa sauti: kiwanja kina cheti cha nani, hospitali iko hatua ngapi, wasichana watalala wapi, watajifunzia juu ya nini, nani anaziba paa, na ni akina nani watakaobaki na ufunguo mhisani akishaondoka.